Daktari Anajibu: Nilipoacha dawa ya unyogovu, kichwa kilianza kupiga shoti

Kwa kawaida safu hii hushughulikia chanjo, lishe na homa za watoto. Mwezi huu nimeyaweka hayo kando, kwa kuwa barua tatu zilizonifikia zinagusa jambo moja ambalo akina mama wengi hulipitia kimyakimya: namna ya kuachana na dawa ya unyogovu ambayo mtu alianzishwa baada ya kujifungua. Barua ya kwanza ni ndefu, nami nimeiacha karibu ilivyo, nikiondoa tu yale ambayo yangemtambulisha mwandishi.

SWALI

Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, nina umri wa miaka 31, na mtoto wangu wa pili ametimiza miezi kumi na mmoja. Alipokuwa na wiki saba nilikuwa nimefika mahali ambapo usingizi haukunijia hata yeye alipolala. Nilimnyonyesha huku nikimtazama kana kwamba ni mtoto wa jirani niliyeachiwa kwa muda, na nilikuwa nikijifungia bafuni nilie ili mwanangu mkubwa asinione. Nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya wiki ya kumi, muuguzi aliniuliza maswali machache, akayatazama majibu yangu, na siku hiyohiyo akanipeleka kwa daktari. Nilianzishwa sertraline ya miligramu 50, na baada ya mwezi mmoja ikapandishwa hadi 100.

Dawa ilinisaidia. Mtoto alipoanza kula uji nilikuwa nimeanza kucheka tena, na kwa miezi minne nimejihisi mzima kabisa. Nikaona hakuna haja ya kuendelea, hasa kwa kuwa mama mkwe amekuwa akisema kwamba mtoto ananyonya dawa ya wazimu. Sikurudi kwa daktari, maana foleni ni ndefu na ruhusa ya kutoka shuleni haipatikani kwa urahisi. Nilipunguza mwenyewe: kwa wiki mbili nikameza nusu, yaani 50, na sikuona tofauti yoyote. Wiki iliyofuata nikawa nameza siku moja na kuruka siku moja, kisha nikaacha.

Siku ya tatu baada ya kuacha, nikiwa ndani ya matatu kutoka Kondele, nilihisi kama shoti ya umeme inapita kichwani kila nilipogeuza macho. Tangu siku hiyo nina kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la usiku na ndoto zinazonifanya niogope kulala. Nalia ovyo, na juzi nilimfokea mwanangu mkubwa kwa kumwaga maziwa hadi akatetemeka. Nilidhani ni malaria, nikapimwa, haikuonekana. Leo ni siku ya kumi na mbili. Mume wangu anafanya kazi Nakuru na huja mwisho wa mwezi, wala sijamwambia lolote. Je, ugonjwa umerudi? Je, nimekuwa mraibu wa dawa? Na nifanye nini, ikiwa shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili na nilikuwa nimepanga kumwachisha mtoto ziwa wakati huohuo?

*Mwalimu, Kisumu*

JIBU

Mwalimu, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo naona linakukosesha amani zaidi. Kutokana na uliyoyaandika, yaelekea ugonjwa haujarudi. Unachokipitia ni mwili kunyang'anywa dawa kwa kasi ambayo haukuweza kuizoea. Kinachonielekeza huko ni tarehe zako. Unyogovu unaporudi huja kwa kunyata. Huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi, na hujitambulisha kwa njia ileile uliyoieleza ulipokuwa na mtoto wa wiki saba: usingizi hukatika mapema alfajiri, chakula hukosa ladha, mambo uliyoyapenda huwa mzigo, na mtoto huanza kuonekana wa mbali. Dalili za kuacha dawa hufika ndani ya siku chache tu baada ya kipimo kushuka, nawe zilikukuta siku ya tatu. Tena huja na vitu ambavyo unyogovu hauna. Unyogovu haupigi shoti kichwani, wala haumfanyi mtu apepesuke anapogeuza macho. Machozi na hasira hupatikana pande zote mbili, kwa hiyo yatazame yameandamana na nani: yako yameandamana na kizunguzungu, kichefuchefu na ndoto kali, na huo ni msafara wa mwili unaoitafuta dawa yake.

Kuna njia ya tatu ya kutofautisha haya mawili, ingawa hii hufanywa chini ya uangalizi wa aliyekuandikia dawa. Dalili za kuacha dawa, mtu akirudishiwa kipimo alichokuwa nacho, kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Unyogovu uliorudi hauna haraka hiyo. Utachukua wiki kadhaa, kama ulivyochukua mara ya kwanza.

Ulifanya vyema kupima malaria. Kwa sisi tunaoishi kanda ya ziwa, jasho la usiku, kichefuchefu na maumivu ya kichwa humpeleka mtu moja kwa moja kwenye duka la dawa kununua dozi ya malaria bila kupimwa, na mama anayepunguza dawa ya unyogovu anaweza kumeza dozi tatu mfululizo asipate nafuu. Lakini kumbuka na upande wa pili: kuacha dawa hakuleti homa ya kweli. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi, usiseme ni dawa tu. Rudia kipimo cha malaria, na kwa kuwa unanyonyesha, kagua matiti yako, kwa sababu titi lililovimba na kuwa jekundu huleta homa na baridi kali. Mwombe daktari pia apime wingi wa damu na utendaji wa tezi ya shingo. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua tezi hiyo huweza kuvimba. Huanza kwa kumpa mama mapigo ya moyo ya kasi, jasho na wasiwasi, halafu baadaye humwacha mchovu na mwenye huzuni, na yapo matukio ambayo ugonjwa huo umechukuliwa kuwa unyogovu kwa muda mrefu.

Kuhusu uraibu, jibu langu ni hapana. Mraibu huitamani dawa, huongeza kipimo ili apate raha ileile, na huacha kazi na watoto akiitafuta. Wewe umeisahau dawa hiyo kwa furaha, ukashangaa tu mwili wako unalalamika. Mwili uliozoea kitu kwa miezi minane hudai upewe muda wa kujipanga upya, na hali hiyo hutokea pia kwa dawa za moyo ambazo hakuna mtu huziita za kulevya.

Sasa nieleze kwa nini nusu ya kwanza ilikuwa rahisi na nusu ya pili ikakuangusha, kwa maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Sertraline na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuziba milango ambayo seli za ubongo hutumia kurudisha ndani serotonini, kemikali ambayo seli hizo hupelekeana ujumbe kwayo. Kipimo cha kawaida cha chini, kama ile 50 yako, tayari huziba takriban asilimia 80 ya milango hiyo. Ulipotoka 100 kwenda 50, ubongo haukupoteza sana. Ulipotoka 50 kwenda sifuri ulipoteza karibu kila kitu kwa mpigo mmoja, ingawa kwa hesabu ya vidonge hatua zote mbili zilionekana sawa. Anayeijua barabara ya kutoka Nandi Hills kushuka Chemelil atanielewa: kule juu kwenye majani chai gari linakwenda kama liko tambarare, kisha ghafla ardhi inakatika na uwanda wa Kano unaonekana chini kabisa. Ugumu wa safari hiyo uko mwishoni, na hapo ndipo breki zinahitajika.

Kuruka siku nako kulikuongezea taabu. Kila baada ya takriban saa 26, nusu ya sertraline iliyomo mwilini huwa imetoka. Ukimeza leo na kuruka kesho, kufikia kidonge kinachofuata zimepita saa 48, na kilichobaki cha kile cha kwanza ni zaidi kidogo ya robo. Ubongo wako ulikuwa kama nyumba ambayo maji ya mfereji huja siku moja na kukatika siku ya pili. Kama ni kupunguza, ni heri kumeza kidogo kila siku kuliko kingi kwa kuruka. Huenda unaye rafiki aliyekuambia kwamba yeye aliacha fluoxetine, dawa nyingine ya unyogovu, siku moja na asihisi chochote, na huenda anasema kweli, kwa sababu fluoxetine hubaki mwilini kwa wiki kadhaa na hivyo hujipunguza yenyewe. Paroxetine na venlafaxine ziko upande mwingine kabisa; hutoka upesi na huadhibu haraka. Ushauri wa jirani kuhusu dawa hizi huwa mzuri tu ikiwa jirani alimeza dawa ileile.

Nenda kwa daktari wako wiki hii. Najua foleni na najua mwalimu mkuu, lakini shule bado zimefungwa na nafasi hii haitarudi kwa urahisi. Ikiwa aliyekuanzishia hapatikani, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu huiita Russia, ina kliniki ya afya ya akili. Mweleze daktari tarehe zote kama ulivyonieleza mimi. Kwa hali kama yako, mara nyingi daktari hurudisha kipimo cha mwisho ambacho mtu alikuwa akijisikia vizuri nacho, akaacha mwili utulie, kisha akapanga upya mteremko wa polepole. Usikirudishe mwenyewe kwa kumeza vidonge viwili vilivyobaki kwenye kabati. Mpaka utakapoonwa, jihadhari unapovuka barabara na unapopanda bodaboda, kwa sababu ya hicho kizunguzungu.

Nitasema pia jambo ambalo huenda hutalipenda. Kwa maoni yangu, hata ungepunguza kwa ustadi wa hali ya juu, ulianza mapema mno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hushauri mtu afikirie kuacha dawa baada ya kukaa miezi 9 hadi 12 bila dalili, na miongozo ya nchi nyingine huweka angalau miezi sita. Wewe una miezi minne. Miezi hiyo haihesabiwi tangu siku ya kidonge cha kwanza, bali tangu siku uliyojisikia mzima, na kosa la hesabu hiyo nimelikuta kwa wagonjwa waliosoma kuliko mimi. Kujisikia mzima kunaonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Hakuonyeshi peke yake kwamba kazi imekwisha.

Wakati wa kupunguza utakapofika, muulize daktari kuhusu mpango wa aina hii, ambao ninautoa kama mfano tu: kutoka 100 kwenda 75, kisha 50, kisha 37.5, 25, na 12.5 kabla ya kuacha, ukikaa wiki mbili hadi nne katika kila ngazi na zaidi katika zile za chini. Utaona kwamba hatua zinapungua ukubwa kadiri unavyoshuka. Kila hatua hupimwa kwa kipimo ulicho nacho sasa, na si kwa kile ulichoanza nacho. Kidonge cha 50 hukatwa nusu kikawa 25, na robo yake ni 12.5, mfamasia anaweza kukuuzia kikata vidonge, au akukatie mwenyewe. Ngazi ikikuletea shoti na kizunguzungu, simama hapo mpaka vitulie, hata kama kalenda inasema usonge. Waswahili husema chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili nalo humalizwa vivyo hivyo.

Kinachovunja wengi katika kipindi hiki, hata hivyo, mara nyingi ni mambo mengine wanayoyafanya wakati huohuo. Tazama barua yako: kuacha dawa, kufungua shule na kuachisha ziwa, yote ndani ya mwezi mmoja. Kila moja kati ya hayo peke yake humtikisa mama. Ukianguka, hutajua kilichokuangusha. Badilisha kitu kimoja, kaa mwezi, ndipo ubadilishe kingine. Hata mpango wa uzazi ukitaka kubadilishwa, kama vile kuanza sindano ya miezi mitatu, usianzwe wiki moja na kupunguza dawa.

Kuhusu maziwa, hebu nimpunguzie mama mkwe wako wasiwasi. Sertraline hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na ndiyo sababu madaktari wengi huichagua kwanza kwa mama anayenyonyesha. Mtoto wa miezi kumi na mmoja, ambaye tayari anakula uji, viazi na omena, hupata kidogo zaidi hata ya hapo. Huna haja ya kuacha dawa kwa ajili ya maziwa, wala kuacha kunyonyesha kwa ajili ya dawa. Ukitaka kumwachisha kwa sababu zako mwenyewe, punguza nyonyo moja kila baada ya siku kadhaa na uiache ya usiku iwe ya mwisho. Homoni za kunyonyesha zinaposhuka kwa ghafla, wapo akina mama ambao moyo wao hushuka nazo, na mtu aliyewahi kuugua unyogovu hana sababu ya kujaribu bahati yake.

Uliuliza utafanya nini, nami sitaki uondoke na habari za vidonge tu. Chukua daftari la shule, utenge ukurasa mmoja kwa wiki, na kila jioni uandike mambo manne: kipimo ulichomeza, saa ulizolala, kama shoti na kizunguzungu vilikuja, na hali ya moyo kwa alama kati ya sifuri na kumi. Hili linaonekana dogo, lakini akili iliyochoka husema "nimekuwa vibaya siku zote" wakati daftari linaonyesha siku nne nzuri na tatu mbaya. Kila wiki mbili, jaza pia yale maswali kumi ambayo bila shaka ndiyo muuguzi alikuuliza au yanafanana nayo. Kipimo hicho, kinachojulikana kwa jina la jiji la Edinburgh, kilichapishwa mwaka 1987 mahsusi kwa akina mama waliojifungua. Huuliza kuhusu siku saba zilizopita na jumla yake haizidi 30. Mwombe muuguzi nakala ya Kiswahili. Jumla ikipanda mara mbili mfululizo, nenda nayo kwa daktari bila kungoja tarehe ya miadi. Na swali la kumi, linalouliza kama umewahi kuwaza kujidhuru, lina sheria yake: jibu lolote lisilokuwa "sijawahi" linakupeleka hospitalini siku hiyohiyo.

Usingizi wako ulinde kama mshahara. Anayelala saa nne au tano bila kuamshwa ana silaha ambayo hakuna kidonge kinaweza kuiga, na mtoto wa umri huo, akiwa anakua vyema, kwa kawaida anaweza kubembelezwa na mtu mwingine sehemu moja ya usiku. Ikiwa una dada wa kazi au mdogo wako anayekaa nawe, panga zamu na uziheshimu. Asubuhi toka nje utembee nusu saa kabla jua la Kisumu halijawa kali. Na kama kuna mshauri wa tiba ya mazungumzo unayeweza kumfikia, muone sasa, kabla mteremko haujaanza. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaopunguza dawa huku wakipata tiba hiyo hujilinda vizuri zaidi dhidi ya ugonjwa kurudi kuliko wanaopunguza peke yao.

Mpigie mume wako leo. Mtu wa mwisho wa mwezi naye anaweza kusikiliza katikati ya mwezi. Huna haja ya hotuba: mwambie uliacha dawa haraka, imekusumbua, unarudi kwa daktari, na unataka ajue. Mwanao mkubwa naye mwombe msamaha kwa kumfokea, kwa maneno machache anayoyaelewa. Watoto husamehe haraka wanapoambiwa kwamba kosa halikuwa lao.

Ziko dalili ambazo huzingojei daftari. Ukianza kuwaza kujiua au kuona kwamba watoto wangekuwa heri bila wewe. Ukisikia sauti au kuamini mambo ambayo hakuna mwingine anayeyaona. Ukikesha siku mbili tatu bila kuhisi usingizi huku una nguvu nyingi na mawazo yanakimbia. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu ukiwa na mtu wa kukusindikiza, mchana au usiku. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure ya 1199 ambayo mtu anaweza kupiga kwa ajili ya kuzungumza. Naongeza hili kwa sababu nimewasikia akina mama wakisema waliogopa kumjibu muuguzi ukweli wasije wakapelekwa polisi: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Jibu swali la kumi kwa ukweli.

SWALI

Daktari, mke wangu alijifungua mwaka jana, na daktari wake amempunguzia dawa ya unyogovu kwa utaratibu. Tunaishi Nakuru. Kila akikasirika namuuliza kama amemeza dawa, naye husema namfanya kichaa. Nifanyeje?

*Baba wa Mapacha, Lanet*

JIBU

Ndugu, acha kuuliza swali hilo katikati ya ugomvi. Hata kama amesahau dawa kweli, unachomwambia ni kwamba lalamiko lake halina maana, na pengine lalamiko lenyewe ni kwamba vyombo viko kwenye sinki tangu jana. Mwanamke anayepunguza dawa bado ana haki ya kukasirika kwa sababu za kawaida, na mwenye mapacha anazo mara mbili.

Kaeni siku tulivu, mkubaliane mapema. Yeye mwenyewe akuambie ishara tatu ambazo zilimjia mwanzo alipougua. Huenda ni kuacha kupokea simu za dada zake, kuacha kula mchana, au kukesha. Akupe ruhusa ya kuzitaja unapoziona, na maneno ya kuzitajia. Ishara zikiendelea wiki mbili, mnaenda kliniki pamoja, na hilo mmelipanga kabla ya siku mbaya kufika. Dawa na azihifadhi mwenyewe, isipokuwa daktari ameshauri vinginevyo kwa ajili ya usalama. Chukua zamu ya usiku bila kuombwa, angalau usiku tatu kwa wiki, na siku ya kliniki beba mtoto mmoja. Hakikisha pia vidonge haviishi kabla ya mshahara kuingia, maana kukosa dawa kwa siku nne kwa sababu ya pesa ni kuacha kwa ghafla, hata kama hakuna aliyekusudia.

SWALI

Mwanangu Daktari, mke wa mwanangu anameza vidonge vya akili na ananyonyesha. Huku kwetu tuna miti inayotuliza moyo. Nimpe hiyo aache vidonge?

*Nyanya, Mumias*

JIBU

Mama, nakushukuru kwa kuandika badala ya kumwekea kwenye chai. Usimpe kwa sasa. Sizidharau dawa za miti, na nyingine zina nguvu za kweli, ila nguvu hizo ndizo zinazonitia wasiwasi: ziko zinazogongana na dawa za hospitali kwenye ini au kwenye ubongo, na kipimo chake hakijulikani kwa mama anayenyonyesha. Kumwondoa kwenye vidonge kwa ghafla kutamletea kizunguzungu, machozi na kukesha, na nyote mtaamini kwamba ugonjwa umezidi. Mti wowote anaotumia, ataje jina lake kwa daktari, hata kama ni kwa Kiluhya. Wengi wetu tunayajua.

Unachoweza kumpa leo ni uji wa wimbi, maji ya kuoga yaliyopashwa, na usiku mmoja ambao mjukuu analala chumbani kwako. Na mjukuu akifikisha miezi 18, siku ya chanjo ya pili ya surua na rubela, msindikize mkweo kliniki, umshike mtoto nje wakati mama yake anazungumza na muuguzi peke yake.